Kucheza Portal 2 na mwenzako ambaye hajawahi kuigusa: jibu langu

Ndugu muuliza swali, umesema kwamba umekwisha kuimaliza sehemu ya wachezaji wawili ya Portal 2, kwamba mdogo wako hajawahi kuigusa, na kwamba unaogopa kumharibia mkiicheza pamoja. Hali hiyo niliipitia na mdogo wangu wa kike, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe. Raha ipo, tena kubwa, ila inategemea sana kama wewe unayejua majibu utaweza kunyamaza.

Kwa wasioufahamu, huu ni mchezo wa video wa mafumbo uliotolewa na Valve mwaka 2011, na sehemu yake ya wachezaji wawili ina hadithi yake na vyumba vyake, si vyumba vya mchezaji mmoja vilivyorudiwa. Mnacheza kama roboti wawili, ATLAS aliye wa mviringo na P-body aliye mrefu, na kila mmoja ana bunduki inayofungua malango mawili ukutani, sakafuni au darini. Ukiingia lango moja unatokea katika lile la pili, na kasi uliyoingia nayo ndiyo unayotoka nayo, hivyo ukijitupa kutoka juu ndani ya lango la sakafuni utarushwa mbali kutoka lango la ukutani. Malango yako hayaungani na ya mwenzako, lakini nyote wawili mnaweza kupita katika yoyote kati ya hayo manne. Humo ndimo mafumbo yanamokaa, maana mara nyingi kinachohitajika ni lango ambalo mwenzako ndiye anayeweza kulifungua, akiwa mahali ambapo wewe huwezi kufika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuutumia vibaya ule uwezo wa kuweka alama. Kila mchezaji anaweza kuelekeza kidole mahali, na alama ikaonekana kwa wote wawili, na ni kifaa kizuri sana cha kusema “nafikiri tuanzie kule”. Mimi nilikitumia kumlisha majibu: naweka alama, anapiga lango, naweka alama nyingine, anasimama juu ya kitufe. Tulimaliza vyumba kadhaa kwa muda mfupi, nikadhani mambo yanakwenda vizuri, mpaka alipoiweka pedi ya kuchezea mapajani na kuniuliza, “Kaka, sasa mimi nafanya nini hapa?” Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa amekuwa mkono wangu wa pili tu, na mtu hawezi kufurahia fumbo ambalo hakuachiwa nafasi ya kulitazama.

Tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba sitaweka alama yoyote kabla yake, na sitafungua lango mpaka aniambie anachotaka kujaribu, hata kama najua kwamba hakitafaulu. Jambo hili lina ugumu wake. Utakaa dakika kumi ukimtazama mtu akizunguka chumba huku jibu likikuwasha ulimini, na kila unapovuta pumzi ya kusema neno itakubidi ulimeze. Bahati nzuri mchezo wenyewe unamstahi anayekosea, kwani roboti akianguka katika maji yenye sumu huundwa upya na kurudishwa papo hapo, wala hakuna hesabu ya maisha inayopungua.

Malipo ya subira hiyo niliyapata tulipofika kwenye vyumba vya madaraja ya mwanga. Daraja hilo hutoka ukutani, na likigonga lango huendelea kutokea katika lango la pili, hivyo mnaweza kulipeleka mnakotaka. Mimi nilikuwa nimezoea kuliona kama kitu cha kukanyaga. Tulikwama mahali ambapo kila aliporushwa alilipita jukwaa tulilolihitaji na kugonga ukuta wa mbali, naye akajaribu mara nyingi kupunguza kasi bila mafanikio. Kisha akanyamaza, akaligeuza jicho la roboti wake polepole kutoka kwenye daraja hadi kwenye jukwaa, akasema, “Tukiusimamisha huo mwanga mbele yangu kama ukuta, si nitaugonga na kuanguka palepale?” Nikafungua lango alikoniambia, akajitupa, akagonga ule mwanga, akaanguka juu ya jukwaa. Alipiga kelele mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Mimi nililijua jibu hilo kabla yake, lakini sijawahi kulifurahia kama jioni ile.

Tulianza kwa kugawana kioo kimoja, yeye kwa pedi na mimi kwa kibodi na kipanya. Alipokwenda chuoni tukaendelea kwa intaneti, simu zikiwa mezani na sauti imefunguliwa, na hapo tukagundua tatizo ambalo sikulitegemea: maneno hapa, hapo na pale. Tulipokaa kochi moja, kidole kilimaliza kila kitu. Kwa mbali, yeye akisema “weka hapo” alikuwa na maana ya mahali tulipokwisha kupataja, nami nilisikia mahali karibu na roboti wangu, kwa hiyo nilipiga lango lisilotakiwa na kumwondolea daraja miguuni. Tukaweka utaratibu: hapa ni karibu na roboti wa anayesema, hapo ni karibu na roboti wa anayesikiliza, pale ni mbali na wote wawili, na malango yanatajwa kwa rangi zake, ya ATLAS buluu na zambarau, ya P-body manjano na nyekundu. Kwa matendo yanayopaswa kufanyika kwa pamoja, tumieni saa ya kuhesabu iliyomo ndani ya mchezo, ambayo huhesabu mbele ya macho ya wote wawili. Kuhesabu kwa mdomo kupitia simu kulitushinda, kwa kuwa sauti ilichelewa. Vilevile kuna kitufe cha kuona anachokiona mwenzako, kitumie kabla ya kuuliza “uko wapi?”

Jambo dogo la kumwambia mdogo wako mapema: GLaDOS, sauti inayowasimamia, humsifu mmoja na kumdharau mwingine, na hugawa na kunyang'anya pointi atakavyo. Pointi hizo hazina kazi yoyote. Mdogo wangu alikasirika kweli siku ya kwanza, akidhani mchezo umemwona hafai.

Mwisho, kuna sehemu ya ziada iitwayo Art Therapy, iliyoongezwa bure mwezi Oktoba 2011 baada ya zile sehemu tano za vyumba zilizokuwamo mwanzoni. Mimi sikuwa nimeicheza, na ndiko tulikokwama pamoja kwa haki, kila mmoja akimtegemea mwenzake aone kitu. Kama nawe hujaigusa, usiifungue peke yako wala usitazame video zake. Mwekee mdogo wako mpaka mfike.