Kwa Nini Marge Haondoki

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, umeniuliza inakuwaje mimi, niliyewalea msikubali kuonewa, nimpende Marge Simpson, mama katika katuni ya The Simpsons ambaye mumewe Homer humkosea kila wiki naye akamsamehe.

Jibu jepesi ni la kibiashara: familia iliyoanza kuonekana katika vichekesho vifupi vya televisheni ya Marekani mwaka 1987, ikapata kipindi chake Desemba 1989, haiwezi kumwacha mama aondoke, kwa kuwa nyumba ikivunjika kipindi nacho kimekwisha. Lakini si hilo linalonivuta kwake.

Tafuta sehemu ya mwaka 1992 ambamo Marge, akiwa amechoshwa na shughuli za kila mtu isipokuwa zake, anasimamisha gari katikati ya daraja na kukataa kutoka, hata magari yanakwama pande zote mbili. Polisi wanamkamata, na meya anaamuru aachiliwe kwa kuhofia kura za wanawake (hapo nilicheka sana). Kisha anakwenda kupumzika peke yake, na huku nyuma Homer anampoteza Maggie, mtoto mchanga. Mwanamke anayefunga daraja la mji siwezi kumwita mnyonge.

Wala si bubu. Mwaka 1990 Barbara Bush, mke wa Rais wa Marekani, alipokibeza kipindi hicho hadharani, waandishi wa kipindi walimwandikia barua kwa jina la Marge, yenye adabu lakini isiyoficha kuumizwa, naye akajibu kwa kuomba radhi. Hata ule mguno wa kooni wa Marge, kwa sauti ya kukwaruza ya mwigizaji wake Julie Kavner, ni malalamiko ambayo nyumba nzima huyaelewa.

Hata hivyo, kuna jambo ninalokubaliana nawe. Katika sehemu nyingine ya mwaka 1990, Homer anampa Marge zawadi ya siku ya kuzaliwa, tufe la boling (mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha vigingi) lililochongwa jina lake yeye Homer. Marge anaamua kujifunza mchezo huo, mwalimu anamtongoza, na mwishowe yeye ndiye anayegeuza gari kumfuata mumewe kazini. Homer anambeba kwa furaha, na la tufe haulizwi tena. Hapo waandishi walimpendelea mno baba.

Anza na ile ya daraja, kisha uniandikie.

Wako akupendaye,
Mama