Karoti Hazitaki Kuchunguliwa

Mwaka wa kwanza nilizitendea karoti kama kabichi. Hapa kwetu Lushoto kabichi ndiyo tuliyokua nayo: unasia kitaluni, miche ikifikia kimo unaihamishia shambani, basi. Nikafanya vivyo hivyo. Zilishika, majani yakastawi, nami nikawa napita kando ya tuta asubuhi na jioni nikihesabu magunia kichwani. Siku ya kuvuna niling'oa vitu vyenye miguu mitatu, vingine vimejisokota. Mama mmoja jirani yangu, aliyelima bondeni tangu ujana wake, aliishika moja akaigeuzageuza.

"Mwanangu, karoti haihamishwi. Ule uzi unaoshuka chini ndiyo karoti yenyewe. Ukiukunja, umeikunja karoti."

Tangu hapo nasia moja kwa moja tutani. Nalitifua hadi sentimita 30, natoa mawe na kuvunja mabonge, maana mzizi ukigonga jiwe hugawanyika. Samadi mbichi siitii kabisa. Nayo huzifanya ziote mapembe. Napenda kutumia tuta lililopata samadi msimu uliopita, likalimwa zao jingine.

Lakini kazi ya jembe si ngumu. Kigumu ni wiki mbili zinazofuata. Kabichi hukuonesha kichwa ndani ya siku chache. Karoti huchukua siku 10 hadi 14, na baridi yetu ya Juni na Julai huweza kuzisogeza hadi wiki tatu. Siku zote hizo unamwagilia udongo mtupu. Mbegu ni ndogo mno, imefukiwa sentimita moja tu, kwa hiyo udongo wa juu ukikauka wakati inapasuka, chipukizi hufa humo humo na wewe hujui. Mwaka wa pili nilikata tamaa siku ya tisa. Nikaacha kumwagilia, kisha nikapanda maharage juu yake. Baada ya muda nikaona karoti chache zimeota pembeni, pale nilipokuwa nikitua keni yangu inayovuja. Niliumia sana siku ile. Mbegu zilikuwa nzima. Aliyeondoka mapema ni mimi.

Kwa hiyo nakushauri: ukishasia, tandaza nyasi kavu nyembamba juu ya tuta ili unyevu ukae na udongo usifanye gamba. Andika tarehe ukutani. Changanya mbegu na punje chache za figili kwenye mstari. Figili huota mapema, hukuonesha mstari ulipo, na moyo nao hupata cha kushika. Chipukizi zikianza kuonekana, ondoa nyasi jioni, si saa sita mchana. Na uwe mwangalifu kwenye palizi ya kwanza, kwa sababu karoti changa inafanana na nyasi, na wengi huing'oa wakidhani ni magugu.

Kisha kuna kupunguzia. Hapa nimeona wakulima wengi wakishindwa, na ninawaelewa. Umezisubiri wiki tatu, zimeota kwa wingi, halafu uambiwe ung'oe zaidi ya nusu! Ng'oa. Zikifika urefu wa kidole, acha nafasi ya vidole vitatu kati ya mche na mche, tena baada ya kumwagilia ili udongo ulegee. Zile unazozionea huruma zitabanana, na zote zitabaki nyembamba kama penseli.

Wiki ya sita ndipo mkono unapowasha. Majani yamejaa, unataka kujua kuna nini chini. Ukivuta utakuta uzi uliopauka, nao haurudishiki. Rangi huja mwishoni. Mzizi hutangulia kurefuka, ndipo unene na wekundu wake huongezeka. Mimi kipindi hicho nashughulikia maji tu: kidogo kidogo bila kuruka. Tuta likikauka sana kisha likalowa ghafla, karoti hupasuka.

Ukitimiza siku 80 hivi, usivute bado. Fukua kwa kidole pembeni ya shina, upapase bega la karoti, kisha urudishie udongo, maana bega likipigwa jua hugeuka kijani na kuwa chungu. Likifika unene wa dole gumba, na zaidi kidogo, anza kuvuna zile nene na uziachie nafasi zilizobaki. Usizikawize mno pia. Zikizeeka hukomaa moyo zikawa ngumu kama kijiti, na mnunuzi hazitaki.

Tuta langu la sasa liko siku ya kumi na moja. Leo asubuhi nimeinua nyasi kona moja, nikakuta figili tu. Nimezifunika, nikaenda kujaza keni.