Barua kwa mwanangu: nani wa kuitwa mwadilifu

Mwanangu,

Barua yako imefika, na baba yako anakusalimu. Umeniuliza iwapo unaweza kumwandika msaidizi wako kuwa ni "mwadilifu" katika barua ya kumpendekeza kazini, au utumie "mwaminifu", kwa kuwa waona maneno hayo yana maana moja.

Yanakaribiana tu. Mwaminifu ni yule unayemwachia funguo za ghala, ukarudi ukakuta kila kitu mahali pake. Uadilifu unadai zaidi. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya haki na usawa, na ndiyo sababu wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, wakashurutisha shahidi awe mwadilifu ndipo ushahidi wake upokewe. Mtu aweza kuwa mwaminifu kwa mkubwa wake huku akiwadhulumu wanyonge kwa amri ya mkubwa huyohuyo. Huyo hatumwiti mwadilifu, hata kama hajaiba senti.

Wapo watakaokushauri uandike "muungwana". Nalipenda neno hilo, ila pwani ya zamani muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, kwa hiyo sifa hiyo ilikuwa ya nasaba kabla ya kuwa ya mwenendo. Uadilifu haumuulizi mtu amezaliwa na nani.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania, halikutosheka na kumtaka kiongozi awe na tabia njema: lilimkataza kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, kisha Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake. Mimi naona waandishi wa Azimio walikuwa wakali zaidi, na walistahili kuwa hivyo, maana walitazama pale masilahi ya mtu yanapogongana na haki za wenzake.

Msaidizi wako nawe mtazame penye mgongano huo. Umesema ndiye apangaye zamu na kugawa posho za safari. Ikiwa jamaa zake hupangiwa zamu za usiku sawa na wengine, andika "mwadilifu" na uutaje mfano huo. Ikiwa hujapata kuchunguza, andika "mwaminifu na mchapakazi", utie sahihi, usiongeze sifa ambayo mwajiri mpya akikupigia simu hutaweza kuitetea.

Mama yako