Maswali na majibu: Mchezaji akiumia, benchi ligawanywe vipi?

Nusu ya maswali mnayoniletea kuhusu kandanda ya Australia (si soka, ni ule mchezo wa mikono na miguu) ni ya benchi, kwa hiyo leo nayajibu kwa mkupuo. Nimekuwa mbeba maji wa timu ya mtaani huku magharibi ya Melbourne kwa misimu tisa, na mengi ya haya nimeyaona nikiwa na chupa mkononi.

Mimi nimezoea soka. Mbona huku mtu anatoka na kurudi anavyotaka?

Kwa sababu anayetoka amekwenda kuvuta pumzi tu. Timu ya AFL, ligi kuu ya mchezo huu, ina watu 18 uwanjani na, kuanzia msimu wa 2026, watano benchi, wote wanaruhusiwa kuingia na kutoka. Miaka ya 2023 hadi 2025 walikuwa wanne, pamoja na mmoja wa akiba ambaye akishaingia, aliyempisha harudi tena. Kikomo ni mabadiliko 75 kwa mechi. Yanayofanyika wakati wa mapumziko hayahesabiwi, wala ya mtu anayetolewa kwa machela, anayevuja damu au anayepelekwa kupimwa kichwa. Hilo la kichwa nitalirudia.

Shikamoo kaka. Mtu akiumia robo ya kwanza, kocha ayatumie vipi mabadiliko yaliyobaki?

Marahaba. Kwanza tupige hesabu. Robo ni dakika 20, lakini saa husimamishwa mara kwa mara, kwa hiyo robo moja hufika karibu nusu saa na mechi nzima kama dakika 120. Watu 23 wakigawana nafasi 18 sawasawa, kila mmoja anacheza dakika 94. Akiumia mmoja mapema, wanaobaki wanacheza 98. Wakiumia wawili, 103.

Dakika tisa za ziada zinaonekana chache, ila haziwaangukii wote. Mabeki wa mwisho hawatoki sana hata siku njema. Zinawaangukia viungo, watu ambao tayari wanakimbia kilomita 12 au zaidi kwa mechi. Halafu tazama pumziko lenyewe: benchi la watano likitumia mabadiliko yote 75, kila anayetoka anakaa wastani wa dakika nane. Wakibaki watatu, hazifiki tano. Kocha anayeendelea kubadilisha kwa kasi ileile anamrudisha uwanjani mtu ambaye bado anahema.

Kwa hiyo mimi ningepunguza kasi. Tuseme umetumia 18 robo ya kwanza na umepoteza wawili. Tumia 15 ya pili, 17 ya tatu, ubakiwe na 25 kwa robo ya mwisho, miguu inapokuwa mizito na misuli inapokatika. Kiungo aliyechoka mpeleke mbele karibu na goli apumzikie huko. Hakimbii sana, lakini bado kuna beki analazimika kumlinda, na hujatumia badiliko hata moja.

Inawezekana kushinda hivyo. Fainali ya 2020 pale Brisbane, Nick Vlastuin wa Richmond alipoteza fahamu dakika za mwanzo kabisa, na mwaka ule hakukuwa na mtu wa akiba. Richmond walicheza karibu mechi nzima na watatu benchi, wakaifunga Geelong kwa pointi 31. Ni kweli robo zilikuwa zimefupishwa hadi dakika 16 kwa sababu ya korona, na hilo liliwasaidia.

Kocha wetu humweka anayechechemea mbele, "akipata mpira afunge". Ni sawa?

Inategemea kilichoumia, na hapa ndipo makocha wengi wananikasirisha. Msimu uliopita kijana wetu mmoja alikuwa anamfukuzia mtu pembeni, nikamwona ameshika nyuma ya paja kama aliyeumwa na siafu. Akasimama, akakunja goti mara mbili, akaniambia yuko sawa. Nikampa maji, mkono ulikuwa unatetemeka. Kule benchi, sumaku yenye namba yake ikahamishwa ubaoni kutoka katikati hadi mbele. Haukupita muda, mpira ukadondoka hatua kumi mbele yake. Akauendea kwa kasi, maana ndivyo alivyofanya tangu utotoni, akaanguka kifudifudi. Jeraha la wiki tatu likawa la miezi mitatu.

Kidole kikiteguka, funga plasta acheze. Kifundo cha mguu kikipinda, akimbizwe pembeni mwa uwanja; akikata kona bila kuchechemea, arudi. Msuli wa nyuma ya paja, hapana. Ndilo jeraha linalosumbua AFL kuliko mengine yote, na hakuna nafasi uwanjani ambayo mpira hautamfuata.

Najua mtanitajia fainali ya 1989. Dermott Brereton wa Hawthorn aligongwa mbavu mara tu mechi ilipoanza, akakataa kutoka, na muda mfupi baadaye akafunga goli. Mwenzake Robert DiPierdomenico alimaliza mechi pafu limetoboka. Benchi lilikuwa la watu wawili tu. Lakini hadithi ile ina sehemu ambayo haisimuliwi sana: Hawthorn waliongoza kwa pointi 40 mwisho wa robo ya kwanza, wakaponea kwa pointi 6. Geelong waliwakimbiza wagonjwa hadi kipenga cha mwisho. Na pafu lililotoboka si jambo la kumwachia mchezaji aamue.

Aliyegongwa kichwa anaweza kurudi mechi hiyohiyo?

Kwenye AFL, daktari akimpima na kuthibitisha yuko salama, ndiyo. Kipimo kinachukua dakika 20 nje ya uwanja, na kwa kuwa badiliko hilo halihesabiwi, kocha hana sababu ya kulikwepa. Akikutwa na mtikisiko wa ubongo, anakaa nje siku 12 angalau. Mwaka 2023 Port Adelaide walimrudisha Aliir Aliir, kijana wa wazazi wa Sudan Kusini aliyezaliwa Kenya, bila kipimo kamili, wakatozwa faini ya dola 100,000. Mwaka uleule Nathan Murphy wa Collingwood alitolewa katika fainali kwa kugongwa kichwa. Hakurudi. Timu yake ilishinda kwa pointi 4, na mwaka uliofuata alistaafu kwa ajili ya kichwa hichohicho, kijana mdogo kabisa.

Nafundisha watoto wa miaka 12, benchi nina wawili tu. Wakiumia?

Dada, mfuate kocha mwenzako mapumziko, mwombe mpunguze wachezaji pande zote mbili. Wengi hukubali. Jumamosi iliyopita tulimaliza 14 kwa 14, na watoto waliendelea kucheza kama kawaida.