Bromelia imemaliza ua, sasa majani yanakauka

SWALI: Habari za kazi mtaalam. Nilinunua mmea kwenye kitalu cha barabarani hapa Dar, muuzaji akaniandikia jina kwenye karatasi, Aechmea fasciata. Majani yana mistari myeupe kama umepakwa chokaa na katikati ulikuwa na ua la pinki limekaa miezi karibu mitano. Sasa ua limekauka, majani ya chini yanageuka kahawia, nami namwagilia udongo kila asubuhi lakini naona ndo hali inazidi. Juzi nimechungulia katikati nikakuta viluwiluwi, jirani kasema nipulizie kopa, ile dawa ya shaba. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri dada. Naanza na kopa kwa sababu hiyo ndo ya haraka: usipulizie, tafadhali. Dawa yoyote yenye shaba ni sumu kwa jamii yote ya bromelia, inaunguza majani na mmea unaweza kufa kabisa, na hapo hata watoto wake, yaani maotea yanayochipua pembeni, utawakosa.

Alafu tulia, ua kukauka sio kosa lako. Huu mmea ni ndugu wa nanasi, ukoo mmoja kabisa, na wewe ukiangalia shamba la mananasi utaona mnanasi ukishazaa tunda lake shina lile halizai tena, linaacha maotea pembeni. Na huu ndo hivyohivyo. Kila shina linachanua mara moja tu kwenye maisha yake, baada ya hapo mama anachoka polepole, inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, huku anawalisha watoto. Kwahiyo usimng'oe. Kata lile bua la ua lililokauka, majani yaliyokufa yatoe, yale mabichi yaache hata kama hayapendezi maana ndo yanayotengeneza chakula cha maotea.

Kosa lipo kwenye kumwagilia, na hapo inabidi nikwambie kwao ni wapi. Kwao ni Brazil, misitu ya upande wa Atlantiki kule jimbo la Rio de Janeiro, na porini haukai kwenye udongo kama mchicha, unakaa juu ya miti. Haunyonyi mti, mizizi kazi yake kubwa ni kushika tu usidondoke. Maji unayapata mvua ikinyesha yanakusanyika pale katikati majani yanapokutana kama kikombe, na ile chokaa unayoiona sio uchafu, ni vigamba vidogo sana vya kunywea maji na chakula (nakuomba usiifute na kitambaa, ikitoka hairudi). Sasa wewe unanyeshea mizizi kila siku na Dar hii yenye unyevunyevu, mizizi inaoza, mmea una kiu wakati umesimama kwenye tope. Chovya kidole kwenye chungu, kama chini bado kuna unyevu usiongeze. Maji weka kwenye kikombe, na yawe ya mvua ukiweza, visima vingi hapa mjini vina chumvi na chumvi inaacha ukoko mweupe mpaka ncha za majani zinaungua.

Viluwiluwi ni kweli vinakaa humo na sio jambo la kuchukulia poa, Dar tulipata dengue 2014 na tena 2019, na yule mbu wa miguu yenye madoa meupe anayeuma mchana anapenda sana vijidimbwi vya namna hii. Dawa haihitajiki. Kutoka yai mpaka mbu anaruka ni kama wiki moja au siku kumi kwenye joto letu, kwahiyo kila baada ya siku tano hivi beba chungu, kiinamishe maji yote yatoke, mimina mengine kwa nguvu kidogo yasuuze kwenye maungio ya majani kisha inamisha tena, ndo ujaze maji safi. Mimi kitaluni nafanya hivyo Jumatatu na Ijumaa. Vaa glovu, kingo za majani zina vimiba, na wapo watu ngozi inawawasha wakiushika.

Maotea usiyakate mapema. Subiri yafike angalau theluthi ya mama, nusu ndo nzuri zaidi, kisha ufukue pembeni utaona shingo ngumu inayounganisha mtoto na mama, kata hapo na kisu kikali ulichokisafisha kwa spiriti. Acha kidonda kikauke siku moja au mbili, panda kwenye makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na chenga za mkaa, chungu kiwe kidogo na kina matundu. Udongo mfinyanzi hapana. Mwanga wa kutosha ila jua la saa sita lisiupige moja kwa moja, utaona madoa makavu ya kuungua, na ukiuficha gizani sana majani yanarefuka yanalegea na ua hulioni.

Mtoto mara nyingi anahitaji kama miaka miwili hivi ndo achanue. Akishakuwa saizi ya mama na hana dalili, mwaga maji ya kikombe, mfunike na mfuko wa plastiki pamoja na ndizi mbivu au tufaa, weka kivulini siku saba mpaka kumi. Tunda likiiva linatoa gesi ya ethilini, ni ileile inayofanya kazi ukivundika ndizi, ila kwa bromelia inauambia mmea uanze ua. Baada ya kama miezi miwili au mitatu chungulia katikati, utaona kichwa cha pinki kinajitokeza. Usimfanyie mtoto mdogo, atatoa ua dogo na hatokua tena.

Sasa hivi pekua chini ya yale majani ya kahawia, kuna uwezekano otea limeshatokeza. Likiwepo nitumie picha nione limefika wapi.