Kifuniko kilichopinda

SWALI: Natengeneza vifuniko vya boti kwa faibaglasi, Mombasa. Vikitoka kwenye kalibu vimenyooka, baada ya wiki vimepinda. Nakosea wapi?

JIBU: Pole, fundi. Rezini ya poliesta, ile plastiki ya majimaji inayoshika nyuzi, ikiganda husinyaa, ujazo wake hupungua kwa takriban asilimia 7. Nyuzi za kioo hazisinyai. Basi zinavutana, na mvutano huo hubaki ndani. Tabaka zisipolingana pande mbili, kifuniko hupinda. Nami yalinipata, kwa jelikoti (tabaka la nje la rezini lisilo na nyuzi) nene upande mmoja.

Kabla ya kumwaga rezini, kadiria jinsi joto litakavyoongeza kuvutana: zidisha tofauti ya kutanuka kwa joto kati ya rezini na nyuzi kwa nyuzijoto zinazoshuka. Kifuniko kikiokwa kwa nyuzijoto 80 kikapoa hadi 30, hesabu 50. Programu za kompyuta hurudia hesabu hiyo tabaka kwa tabaka, zikijumlisha na kule kusinyaa kwa rezini. Kisha tengeneza ukanda mwembamba wa majaribio, upime ulivyopinda.