Kabla hamjanunua cherehani 20: yaliyotukuta wabanguaji wa Mtwara

Kaka mleta mada, umesema ndugu zenu walio nje wamechanga fedha za kuwainua kina mama wanaobangua korosho hapo Lindi, na kamati inataka kununua cherehani 20. Unauliza kama ni sawa. Nimebangua miaka sita hapa Mtwara mjini na sasa nasimamia meza ya kupanga madaraja ya korosho, kwa hiyo nivumilie, nitajibu kwa kirefu.

Cherehani tulishaletewa. Mradi ulikuja na mafunzo ya wiki mbili, tukapewa cherehani moja kwa kila wanawake wawili. Hakuna aliyeuliza tutamshonea nani, maana mtaani mafundi wamejaa. Mimi na mwenzangu tuliiuza tukalipa kodi ya chumba, tukarudi kubangua. Waliotoa walitoa kwa moyo, lakini walituona kama watu wasio na kazi. Kazi tulikuwa nayo. Tulichokosa ni pa kupanda cheo.

Kubangua tulilipwa kwa kilo. Mafuta ya ganda yanababua ngozi. Unajipaka mafuta ya kula na majivu, na bado jioni vidole vinakuwasha huwezi kumega ugali. Unaweza kukaa hapo miaka kumi ukabaki palepale. Wanaosogea ni wanaojua madaraja: W240, W320, vipande. Namba hizo ni idadi ya punje katika ratili moja, yaani gramu 454 hivi. W320 ina punje zisizozidi 320, kwa hiyo namba ikiwa ndogo punje ni kubwa, na bei inapanda. Punje hizo zilipita mikononi mwangu miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kuniambia. Siku nilipoelezwa nililia, sioni aibu kusema.

Aliyenieleza alikuja na mradi mwingine, wa watu waliotoa fedha kidogo kuliko wale wa cherehani. Walianzia kiwandani. Wakaandikiana na uongozi kwamba atakayefaulu anahamia kwenye madaraja au ukaguzi wa ubora. Kisha wakatulipa kila siku tuliyokosa kubangua, kiasi kilekile tulichozoea kuingiza, na bibi mmoja akalipwa kukaa na watoto wetu chini ya mwembe.

Kaka, hiyo posho kamati yenu itataka kuifuta, wataiita kulipana vikao. Msikubali. Kwenye yale mafunzo ya ushonaji hatukulipwa siku zetu, na mwenzangu mmoja alipoishiwa alikwenda kwa mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa korosho wa magendo, akachukua hela kwa ahadi ya korosho za shamba la mama yake ambazo zilikuwa bado juu mtini. Msimu ulipofika zikaondoka kwa bei ya kutupa. Mafunzo yaliyoitwa ya bure yalimla mama yake mavuno.

Kuhusu mtaji wa biashara, kina mama wanaoutaka wajiunge kwenye vikundi waende halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo lakini hauwezi kumlipa mtu siku anazojifunza, kwa sababu siku hizo hazimwingizii cha kurejesha. Hapo ndipo fedha ya hisani ina kazi.

Na kama kuna mafundi wa mashine waliojifunzia hapohapo kiwandani, wengi hawana cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Ulizieni ada, mwalipie.

Msipange mafunzo Oktoba hadi Desemba. Wakati huo kila mkono uko shambani unaokota.

Kabla ya kikao chenu, nendeni mlango wa kiwanda saa ya kutoka, muwaulize kina mama: ukikosa kazi siku kumi, nyumbani kinakosekana nini? Andikeni kwa shilingi, ndiyo mgawe fedha mliyonayo. Pengine itatosha watu wanane tu. Sisi tulianza tisa.